Filamu Iliyokufa Ikafufuliwa: Habari za Kiwanda cha Enschede

Kitu kikivunjika mkononi mwa mtu, fundi aweza kukitengeneza. Lakini ufundi wenyewe ukivunjika, nani atautengeneza? Hilo ndilo swali la habari hii. Ni habari ya filamu ya Polaroid, filamu ile yenye kutoa picha papo hapo, bila kupelekwa chumbani mwa giza, bila kungoja juma zima. Filamu hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka wa 1947, ikaenea duniani, ikaachwa mwaka wa 2008, ikafufuliwa Uholanzi mwaka wa 2010. Tukiifuata toka mwanzo hata mwisho, tutaona ya kuwa ufundi haukai ndani ya mashini peke yake, wala ndani ya vitabu tu. Unakaa hasa vichwani na mikononi mwa watu.

Swali la mtoto

Edwin Land alizaliwa Marekani, katika jimbo la Connecticut, mwaka wa 1909. Tangu ujana wake alipenda sana mambo ya nuru. Aliingia chuo kikuu cha Harvard, lakini akakiacha kabla ya kupata shahada, maana kichwa chake kilikuwa kimejaa kazi yake mwenyewe. Alivumbua utando mwembamba wenye kuchuja nuru na kupunguza mng'ao, namna ile inayotiwa katika miwani ya jua. Mwaka wa 1937 akaanzisha kampuni, nayo ikaitwa Polaroid.

Mwaka wa 1943 Land alikuwa akipumzika pamoja na jamaa yake mjini Santa Fe. Siku moja alimpiga picha binti yake mwenye miaka 3. Mtoto akauliza kwa nini hawezi kuiona picha yake mara moja. Swali la kitoto! Mtu mwingine angalicheka na kumwambia mtoto angoje. Land hakucheka. Alitoka kutembea peke yake akiwaza, na yasimuliwa ya kuwa kabla ya kurudi nyumbani alikuwa amekwisha kuona sehemu kubwa ya njia ya kufuata.

Lakini kuona njia si kufika. Kazi ya majaribio ilikuwa ndefu. Hatimaye, tarehe 21 Februari 1947, mjini New York, Land alisimama mbele ya mkutano wa wataalamu wa nuru, akajipiga picha mwenyewe. Akangoja dakika moja tu, akabandua karatasi mbili zilizoshikamana, na tazama, uso wake uko pale! Kamera za kwanza ziliuzwa mjini Boston tarehe 26 Novemba 1948. Zote zilizoletwa dukani zikaisha siku ileile.

Picha za kwanza zilikuwa za rangi ya udongo. Mwaka wa 1963 zikaja picha za rangi zote. Mwaka wa 1972 likaja jambo la ajabu zaidi: kamera iliyoitwa SX-70. Sasa hakuna tena kubandua. Picha yatoka yenyewe mdomoni mwa kamera, nawe waishika mkononi, na sura za watu zajitokeza polepole mchana mweupe machoni pako.

Watu wa kazi nyingi waliitumia filamu hiyo: waganga, wapelelezi, wajenzi, wachoraji. Katika miji mingi ya Afrika, wapiga picha walitumia kamera yenye macho manne, wakatoa kwa mara moja picha nne ndogo za kubandika katika kitambulisho au pasipoti. Lakini historia ya kweli haifichi aibu. Afrika ya Kusini, katika miaka ya ubaguzi wa rangi, picha hizo zilitumiwa katika vitabu vya pasi walivyolazimishwa watu weusi kutembea navyo. Mwaka wa 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni, Caroline Hunter na Ken Williams, walisimama kuipinga biashara hiyo, na mwaka wa 1977 Polaroid ikaacha kuuza huko. Chombo hakijui kazi kinayopewa. Anayejua ni mtu anayekishika.

Chumba cha giza ndani ya karatasi

Sasa tueleze kidogo jinsi filamu hii inavyofanya kazi. Tusipojua hayo, hatutaelewa kwa nini kuifufua kulikuwa kugumu namna ile.

Katika picha za kawaida za zamani, filamu huingizwa chumbani mwa giza na kuogeshwa katika dawa mbalimbali, moja baada ya nyingine. Land alikitia chumba hicho chote ndani ya karatasi yenyewe. Ile picha ya SX-70, ukiiona, wadhani ni karatasi moja nene. Kumbe ni tabaka nyingi nyembamba mno, zimelazwa moja juu ya nyingine, na kila moja ina kazi yake. Chini kuna chumvi za madini ya fedha zenye kuhisi nuru, pamoja na rangi tatu. Juu kuna tabaka la kuzipokea rangi zitakapopanda. Na katika ule ukingo mweupe mpana ulio chini ya picha kumefichwa kifuko kidogo cha dawa nzito kama uji.

Picha ikitoka katika kamera, hupita katikati ya vyuma viwili vyembamba vya mviringo. Vyuma hivyo hukibana kifuko, kifuko hupasuka, na dawa huenea sawasawa katikati ya tabaka. Dawa hiyo ni kali namna ya magadi. Inaziamsha rangi. Mahali palipopigwa na nuru, rangi hushikwa pale pale, haziwezi kuondoka. Mahali pasipopigwa na nuru, rangi hupanda juu, zikaonekana. Ndani ya dawa hiyo mna pia unga mweupe, nao huwa kama ukuta uliopakwa chokaa ambao sura huonekana juu yake.

Lakini msomaji atauliza: picha imekwisha kutoka nje, kwenye jua kali, na chumvi zile bado zinahisi nuru. Kwa nini haiharibiki? Hapa ndipo penye siri kubwa. Ndani ya dawa mliwekwa wino wa namna ya pekee. Dawa ikiwa bado kali, wino huo ni mweusi, nao huifunika picha kama blanketi, nuru isipite. Baada ya dakika chache, tabaka jingine lenye asidi huipoza dawa ile na kuitoa ukali wake. Hapo wino hupoteza weusi wake, huwa safi kama maji, na picha huonekana. Blanketi limejiondoa lenyewe!

Tena kuna jambo moja dogo lenye maana. Katika kamera za namna hiyo, betri haikuwekwa ndani ya kamera, ila ndani ya pakiti ya filamu. Kila pakiti ilikuja na betri yake, bapa kama karatasi nene. Kwa hiyo filamu ikikosekana, kamera haikosi picha tu, yakosa na nguvu. Ni taa bila mafuta na bila utambi.

Jinsi kampuni ilivyoanguka

Mwaka wa 1978 Polaroid ilikuwa na wafanyakazi karibu 21,000. Kampuni nyingine kubwa, Eastman Kodak, ilikuwa imeanza kuuza filamu yake ya papo hapo mwaka wa 1976. Polaroid ikaishtaki kwamba imeiba uvumbuzi wake. Kesi ilikwenda miaka mingi. Kodak ikashindwa, na mwaka wa 1986 ikaiacha kazi hiyo kabisa, halafu mwaka wa 1991 ikalipa dola milioni 925. Polaroid ikafurahi. Lakini je, ni nani aliyewafikiria watu walionunua kamera za Kodak? Filamu yao haikutengenezwa tena. Kamera zao, nzima bila ufa, zikawa mapambo ya kabati. Hilo lilikuwa onyo, nalo halikusikiwa.

Land mwenyewe aliondoka katika kampuni mwaka wa 1982, akafariki mwaka wa 1991. Kisha zikaja kamera za dijitali, zisizotaka filamu wala dawa. Mtu aona picha mara moja kwenye kioo kidogo, tena bure. Oktoba 2001 Polaroid ikatangaza mahakamani ya kuwa imefilisika. Wenye mali wakabadilika, na mwezi wa Februari 2008 likatoka tangazo: viwanda vya filamu vya Marekani, Meksiko na Uholanzi vitafungwa, na filamu ya papo hapo haitatengenezwa tena.

Fikirini basi. Nyumbani mwa watu mlikuwa bado na kamera mamilioni, nyingi zikiwa nzima. Siku moja zote zilihukumiwa kufa, si kwa ubovu wao, bali kwa kukosa chakula.

Karamu ya kufunga kiwanda

Enschede ni mji wa Uholanzi ulio karibu na mpaka wa Ujerumani. Zamani ulijulikana kwa viwanda vya kufuma nguo. Huko Polaroid ilikuwa na kiwanda tangu miaka ya 1960, na hicho ndicho kilichokuwa kikiunganisha tabaka, vifuko na betri na kuzifanya pakiti za filamu.

Mwezi wa Juni 2008 watu walikusanyika kiwandani kwa karamu ya kukifunga. Mmoja wao alikuwa Florian Kaps, mtu wa Vienna, Austria. Huyu hakuwa fundi wa filamu. Masomo yake makubwa yalikuwa ya viumbe, naye alichunguza misuli ya macho ya buibui. Lakini alizipenda mno picha za Polaroid, akawa anaziuza filamu zake. Hapo karamuni akakutana na André Bosman, mmoja wa wakubwa wa mafundi wa kiwanda, mtu aliyezijua mashini zile kama mkulima ajuavyo shamba lake. Wakanywa bia, wakazungumza. Mashini zilikuwa zikingoja kuvunjwa na kuuzwa kama vyuma vikuukuu. Wakakata shauri: zisivunjwe.

Wakatafuta fedha, na kabla ya mwaka kwisha wakazinunua mashini kwa bei ya dola milioni 3 na zaidi kidogo, wakapanga jengo moja la kiwanda. Wakawaita watu 10 waliokuwa wafanyakazi wa Polaroid hapo. Shirika lao wakaliita Impossible, maana yake "haiwezekani". Jina hilo lilimkumbusha Land, aliyekuwa akifundisha kwamba kazi inayostahili kushikwa ni ile yenye maana kubwa na inayokaribia kutowezekana.

Mashini ziko, dawa haziko

Mtu angalidhani kazi imekwisha. Mashini ziko, mafundi wako, haya, washeni moto! Lakini sivyo. Enschede ilikuwa nyumba ya kuunganisha tu. Tabaka zenye kuhisi nuru zilitengenezwa Marekani, na mahali pale palikuwa pamekwisha fungwa. Dawa nyingine zilitoka kwa watengenezaji ambao hawakuzitengeneza tena, kwa sababu mnunuzi wao mkubwa alikuwa Polaroid peke yake. Mnunuzi alipokufa, muuzaji naye akazima jiko. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kumbe filamu moja ilikuwa kazi ya vidole vingi katika nchi nyingi, na vingi vilikuwa vimekatwa.

Kwa hiyo hawakuweza kuifufua filamu ya zamani kama ilivyokuwa. Ilibidi wavumbue filamu mpya ya kuingia katika kamera za zamani. Umbo la pakiti ni lilelile, unene ule, nguvu ile ya betri, lakini dawa ni nyingine. Walipata msaada Ujerumani, kwa kampuni InovisCoat ya mji wa Monheim, ambako walikuwako mafundi wenye ujuzi wa zamani wa kupaka tabaka za filamu. Tazameni tena: si mashini tu iliyowaokoa, ni watu waliokumbuka.

Tarehe 22 Machi 2010 wakaonyesha filamu yao ya kwanza mjini New York. Haikuwa na rangi zote, ila weusi na weupe wenye kuelekea rangi ya udongo. Nayo, tuseme kweli, ilikuwa na kasoro nyingi. Pakiti ya zamani ilitoa picha 10, hii 8 tu. Wakati wa baridi picha zilififia, wakati wa joto zilibadilika rangi. Picha nyingine ziliharibika baada ya siku kadhaa, zikaota alama kama za barafu. Na kasoro kubwa kupita zote ilikuwa ile ya blanketi. Wino wao wa kuzuia nuru ulikuwa dhaifu kuliko ule wa Land. Ilimbidi mpiga picha aifunike picha kwa mkono au kwa kipande cha karatasi ngumu mara ilipotoka, kisha aifiche gizani mpaka ikomae. Filamu ya rangi iliyofuata mwaka uleule ilihitaji nusu saa na zaidi. Picha ya papo hapo ikawa picha ya kungojwa!

Je, wanunuzi walifanyaje? Wengine walinung'unika, wakaacha. Lakini wengi waliendelea kununua. Walijua kwamba bila fedha zao kiwanda kitafungwa mara ya pili, na mara hiyo hakutakuwa na wa kukifungua. Basi walilipa bei kubwa kwa kitu kibovu ili kipate siku ya kuwa chema. Waliandika barua za kueleza makosa waliyoyaona, wakafundishana jinsi ya kuzikinga picha. Bila uvumilivu wao, hodari wote wa Enschede wasingalifaulu.

Polepole kazi ikatengemaa. Stephen Herchen, mkemia aliyefanya kazi miaka mingi katika Polaroid ya zamani, akajiunga nao kuongoza uchunguzi wa dawa. Mwaka kwa mwaka wino ukapata nguvu, rangi zikatulia, dakika zikapungua. Mwaka wa 2014 uongozi ukashikwa na kijana wa Kipoland, Oskar Smolokowski, na mwaka wa 2017 jamaa yake wakalinunua jina lenyewe la Polaroid. Shirika likaitwa Polaroid Originals, na tangu mwaka wa 2020 laitwa Polaroid tu. Mtoto aliyeokotwa jalalani amerithi jina la baba.

Waliofika wakiwa wamechelewa

Si kila filamu ilipata bahati hiyo. Ile filamu ya kubandua, yenye kutumiwa katika zile kamera za picha nne za pasipoti, ilikuwa bado ikitengenezwa Japani na kampuni ya Fujifilm. Mwaka wa 2016 Fujifilm ikatangaza kuiacha. Florian Kaps, aliyekuwa amekwisha kuondoka Impossible, akaenda Japani kusihi mashini zisivunjwe. Safari hii hakufaulu. Akarudi Vienna, na pamoja na wenzake wakaanza kutengeneza filamu ya namna hiyo kwa mikono, kipande kimoja kimoja, kwa bei ya juu. Ni kazi ya kusifiwa, lakini mikono haiwezi kujaza pengo la mashini.

Huko Massachusetts, Bob Crowley naye alijaribu kurudisha filamu kubwa ya kubandua kwa jina la New55. Mwaka wa 2014 watu wengi walimchangia fedha, na filamu ikatoka kweli. Walakini gharama zilishinda mapato, na mwisho wa mwaka wa 2017 kazi ikafungwa.

Tuvilinganishe hivi vitatu. Enschede walizipata mashini zikiwa bado zimesimama, wakawapata mafundi wakiwa bado hawajatawanyika, wakapata na wanunuzi wenye subira. Vienna walikosa mashini. New55 walikosa fedha za kutosha. Nguzo moja ikipungua, nyumba yaegemea upande. Na tofauti ya Enschede na Japani si akili wala moyo, maana mtu aliyesihi alikuwa yuleyule. Tofauti ni saa aliyofika.

Kitu cha kujifunza

Wengine husema: kwa nini kujisumbua kwa ajili ya picha, na kila mtu ana simu yenye kupiga picha elfu? Ni kweli, dunia isingalikosa chakula kwa kukosa filamu ya Polaroid. Lakini ile picha ndogo yenye ukingo mweupe ni moja tu, haina pacha. Ukimpa mtu, umempa kweli, wewe umebaki bila. Ndiyo sababu watu huishika kwa mikono miwili.

Tena kazi ya Enschede imetufundisha jambo lipitalo picha. Miaka 60 ya ujuzi ilikaribia kupotea kwa muda wa miezi michache, si kwa vita wala kwa moto, bali kwa hesabu ya fedha mezani. Kuuacha ufundi ni kazi ya siku moja. Kuurudisha kulitaka miaka, na filamu iliyorudi si ileile iliyoondoka. Siri nyingine za Land zimekwenda pamoja na wale waliozijua.

Basi mahali popote penye fundi mzee anayeijua kazi ambayo vijana wameiacha, iwe ya chuma, ya udongo, ya nguo au ya dawa, heri kumwendea angali anaweza kusema na kuonyesha. Bosman alikuwa bado kiwandani siku ile ya karamu. Angaliondoka mapema, Kaps angalizikuta mashini tu, na mashini haisemi.